Herini za Kila Siku

Asubuhi ya Jumatatu, kabla chai haijachemka, Salme aliketi mbele ya kioo nyumbani kwao Kisauni akavua jasi la sikio la kushoto, kwa kuwa ndewe ilikuwa imeanza kuchanika. Majasi yale ya dhahabu, mapana kama vizibo vya chupa, alivishwa na mkwewe siku ya harusi, na tangu siku hiyo hakuwahi kulala kwa ubavu. Badala yake akatia herini ndogo ya punje, isiyozidi mbegu ya mpapai. Nyuma yake mumewe Jamaludin alikuwa akivaa viatu. Mguu wake wa kushoto ukapungua ukawa wa kitoto, na kiatu kikaanguka.

"Salme, wabadilisha herini?"

"Naam, bwana. Masikio yaniuma."

"Basi malizia na hilo la pili. Nachelewa kazini."

Alipomaliza, Jamaludin alikuwa na kimo cha birika.

Bi Hafswa, mama yake Jamaludin, alikuwa akipeta mchele. Alimtazama mwanawe akivuka kizingiti kwa kuparamia, akaendelea kupeta.

"Marehemu baba yake naye alipungua, mwaka niliovaa herini za fedha," akasema. "Vaa utakavyo, mwanangu. Bora usikae na masikio matupu tu. Masikio matupu ni ya eda, na mimi mwanangu bado namtaka."

Jamaludin alikuwa karani wa bandarini Kipevu. Siku hiyo alikwenda kazini ndani ya mkoba wa mwenzake Justus, kando ya chakula cha mchana. Mzungu wake hakuona tofauti, maana hata zamani alikuwa akizungumza naye bila kumtazama. Ilikuwa miezi michache kabla ya uhuru, na watu wengi pale ofisini walikuwa wakijiuliza watakuwa na ukubwa gani bendera itakapobadilishwa.

Salme hakuwa akisumbuka na herini kwa ajili ya masikio peke yake. Darasa la ushoni la akina mama lilikuwa likitafuta mwalimu, na msimamizi wake, Bi Pascalia, alikuwa ameuona mshono wa Salme akamwambia kazi ni yako, mradi mumeo akubali. Salme aliitaka kazi ile mno. Kuna siku aliamka na kuikuta miguu yake ikikanyaga cherehani isiyokuwepo. Lakini alipoomba ruhusa, na majasi yako masikioni, Jamaludin alisema hapana mpaka vioo vya dirisha vikatikisika. Watu watasema hawezi kumlisha mkewe.

Kwa hiyo akaanza kujaribu, apate kwa pamoja herini ya kila siku na mume wa kila siku.

Alivaa vipuli virefu vinavyoning'inia. Jamaludin akarudi kimo chake, ila alishinda akiyumba huku na huku, akijigonga ukutani, na chakula hakikumkaa tumboni. Tena vipuli vilinasa kwenye leso kila Salme alipoinama kufagia.

Akavaa bali, zile herini za duara. Hapo Jamaludin akatokea na tundu la tumboni, safi, la mviringo, waiona kalenda iliyotundikwa nyuma yake. Kahawa aliyokunywa ilimwagika moja kwa moja mkekani. Bi Hafswa akatandika gunia.

Jirani yao Suad alikuja kushauri, kama kawaida yake, bila kuitwa. "Mimi ningebaki na bali," akasema akimzunguka Jamaludin. "Kwa joto hili, mume mwenye tundu apitisha upepo."

Lakini bali nazo zilinasa kwenye buibui lake. Salme akarudi kwenye punje. Hazikunasa popote, aliweza kulala kwa ubavu, na aliona kwamba mtu wa kimo kile hawezi kuwa na hapana kubwa.

Siku ya Alhamisi Bi Pascalia akaja mwenyewe kusikia jibu. Jamaludin alikuwa juu ya meza, ameegemea bakuli la sukari, ameshiba punje tatu za pilau. Bi Pascalia akamwamkia kwa adabu zote.

"Bwana Jamaludin, nimekuja kwa ile ruhusa ya Bi Salme."

Jamaludin akafuta mdomo, akasema neno.

"Niwie radhi, bwana, sikukusikia."

Salme alimwonea huruma mgeni. Akamnyanyua mumewe kwa mikono miwili, akamfikisha sikioni kwa Bi Pascalia.

"Hapana," Jamaludin akasema. "Watu watasema siwezi kumlisha mke wangu."

Bi Pascalia akatua kikombe chake cha kahawa. Akamtazama Salme, akamtazama Bi Hafswa, ambaye alitikisa kichwa kwa masikitiko na kumwongezea mgeni kahawa.

"Basi, mwenyewe amekataa," Bi Pascalia akasema. "Bila yeye sina la kufanya, dada yangu."

Akanywa kahawa yake, akashukuru, akavaa viatu akaenda zake. Salme alibaki amesimama. Mikononi mwake, mumewe hakuwa mzito kuliko kifurushi cha sukari.

"Niteremshe," Jamaludin akasema.

Salme akamteremsha, polepole, asije akaumia.