Joto la Kibandani

Fundi Gilman Dubé alimaliza kufunga pampu ya joto nyumbani kwa Omer na Laurette Pelletier saa tisa na robo alasiri, Jumanne ya pili ya Novemba. Alinawa mikono, akapewa kahawa, akala donati mbili za viazi, kisha akaanza kutoa mafunzo.

"Kitu chenyewe hakina maneno mengi," alisema. "Lile sanduku la nje linavuta joto. Hili refu la juu ya kochi linalipuliza ndani. Na hiki kidude cha ukutani ndicho kidhibiti. Unakiambia unataka digrii ngapi za Fahrenheit, chenyewe kinawaamrisha wenzake. Wekeni sitini na nane, msahau. Msiwe watu wa kupandisha na kushusha. Jiko la kuni ndilo la kuchezewa, hii haipendi."

Omer alisimama na mikono mifukoni, akikitazama kidhibiti kama mkwe asiyemtaka. Alikuwa na miaka sabini na minne, na pampu aliikubali kwa sababu moja tu: daktari alimkataza kupasua kuni baada ya mgongo wake kumlaza kitandani mara mbili kwa mwaka mmoja.

"Nje sasa hivi ni digrii kumi, hata ndoo imeganda," alisema. "Joto gani la kuvutwa huko, Gilman? Au tumeuziwa feni?"

"Joto lipo, mzee Omer. Hata barafu ikipasua miti, lipo. Mashine hii haitengenezi joto, inahamisha tu. Inalitafuta lililoko nje, inalileta ndani."

"La nani?"

"La yeyote aliyeliacha huko," Gilman alisema, akachukua donati ya tatu.

Laurette alikuwa akiosha vikombe. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, kama alivyovaa kila siku ya baridi tangu aolewe, na baridi ya Kaskazini mwa Maine, Marekani, huanza Oktoba na kuisha Mei kwa shingo upande. Kwa miaka arobaini na nane nyumba yao haikupata kuvuka digrii hamsini na nane. Kwenye kiwango hicho siagi hukataa kupakika, na vidole vya mtu huwa vizito kama vya kuazima. Kuni ni chache, Omer alimwambia kila mwaka, vaa sweta. Naye alivaa. Ukizoea shida unaiona ni tabia ya nchi.

Gilman alipoondoka, Omer alikishusha kidhibiti hadi sitini na nne.

Mashine ilinguruma kidogo, ikapuliza. Hewa ikashuka juu ya kochi, vuguvugu, nzuri, ikinuka samaki, sigara za bei ya chini na nyama ya nguruwe ya kukaangwa. Laurette aliacha vikombe, akaja kusimama chini yake.

"Hiyo ni harufu ya kibanda chako," alisema.

"Kibanda gani?"

"Omer. Nimezifua nguo zako tangu nikiwa msichana."

Kibanda chenyewe kila mtu Bondeni, kama walivyoliita eneo lao, alikijua. Kila Januari, ziwa likishaganda vizuri, wanaume walikokota vibanda vyao hadi katikati, wakatoboa barafu, wakakaa humo kuvua hadi Machi. Omer alivua na kaka yake Fernand na majirani wawili. Alikwenda kila Jumamosi, na siku nyingine zote zilizofanana na Jumamosi. Samaki waliofika jikoni kwa Laurette wangetosha kuhesabiwa na mtoto wa chekechea. Laurette hakuwahi kuingia humo, kwa kuwa aliambiwa mle hakuna cha kuona ila baridi na shida.

Alinyoosha mkono akaongeza digrii mbili. Sitini na sita. Sasa sauti zilikuja na hewa: karata zikibamizwa mezani, mtu akikohoa, kisha Fernand mwenyewe, aliyezikwa miaka sita iliyopita.

"Omer, fungua mlango bwana!" alisema Fernand kutoka juu ya kochi. "Tunaiva humu!"

"Ngoja kwanza nitie gogo jingine," alijibu Omer wa zamani.

Omer wa sasa alitazama buti zake.

"Kuni zilikuwa chache," Laurette alisema.

"Ziwani kuna upepo, mama. Wewe hujui upepo wa ziwani."

"Fernand anasema mnaiva."

"Fernand alikuwa mtu wa kutia chumvi, Mungu amrehemu."

Hivyo ndivyo walivyoanza kuishi na pampu. Baada ya wiki moja Laurette alikuwa ameshaielewa kuliko Gilman. Kila digrii moja ilirudi nyuma kama miaka mitatu, kwa kuwa joto la karibuni lilikuwa juujuu, na la zamani lilibidi kuchimbwa. Jirani yake Bernadine, mjane, alipopata habari hakuuliza maswali. Alileta kiti chake na ufumaji wake, akaomba sitini na nane, akamsikiliza marehemu mumewe akikoroma kwa dakika arobaini.

"Ndiye," alisema. "Nyumbani alisema hapati usingizi, maskini. Kumbe aliumaliza huko." Alifunga uzi fundo. "Za mwizi arobaini, mwenzangu. Hawa wetu walipewa miaka."

Omer ndiye aliyempigia simu fundi. Gilman alikuja, akafungua mfuniko, akatoa chujio, akalipuliza, akalirudisha.

"Chujio ni safi," alisema.

"Inaleta hewa ya zamani, Gilman. Inaleta maneno."

"Hiyo ni kawaida kwa nyumba zenye mume. Kwa mteja wangu Michaud inaleta mbio za farasi." Alimtazama Omer kwa huruma ya kikazi. "Wewe unaigusa-gusa, mzee?"

"Naishusha usiku. Naishusha tukitoka. Mtu anapasha vipi viti vitupu?"

"Nilikwambia uweke usahau."

"Na nikisahau, yeye ataongeza."

Gilman aliandika kitu kwenye karatasi yake, akasema hilo halimo katika dhamana.

Basi vita vikaanza, vya kimyakimya, kama inavyofaa kwa watu wanaokwenda misa pamoja. Omer aligundua kwamba akiweka kikombe cha kahawa ya moto kwenye kirafu chini ya kidhibiti, kile kidude hudhani nyumba imeiva, na mashine hunyamaza. Kahawa yake ikaanza kumaliza saa mbili bila kunywewa. Laurette naye aligundua kwamba ukikifunika kidhibiti kwa mfuko wa njegere za friza, hudhani nyumba imekuwa ziwa, na mashine hufanya kazi kama imetishiwa. Njegere zile ziliyeyuka na kugandishwa mara nyingi hata zikakosa faida nyingine yoyote duniani.

Katika nyumba ile sasa Laurette alivua sweta ya juu, kisha ya chini. Asubuhi moja alitunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza alipojaribu. Alivitazama vidole vyake. Vilikuwa vimelegea, vyekundu, na vilikuwa vikipigapiga ukingo wa meza vyenyewe, kwa mpangilio alioujua.

Aliwahi kuwa na fidla. Baba yake alimpa alipotimiza miaka kumi na mitano, na msichana Laurette aliipiga kwenye ngoma zote za Bondeni, watu wakagonga visigino mpaka sakafu ikalalamika. Kisha ikaja nyumba hii na baridi yake. Vidole viligoma, nyuzi zikapoteza sauti, naye akawa anaipiga kiangazi tu, halafu hata kiangazi mkono ukawa umesahau. Mwaka wa themanini na sita Omer alimwambia ameiuza ili apate mabati ya paa. Laurette alilia siku moja, chooni, akajiambia paa ni paa. Tangu hapo, kila alipopita chini ya paa lile kwenye mvua alikuwa akiliheshimu.

Alichotaka sasa kilikuwa kidogo tu na alikitaka kwa moyo wote: kusikia kama vidole bado vinajua. Alianza kuvifanyisha mazoezi kwenye mpini wa ufagio, Omer akiwa hayupo.

Na Omer, ambaye kwenye sitini na sita alikuwa mkaidi tu, kwenye sabini alianza kuwa mwoga. Laurette aliliona hilo. Sabini ilileta vichekesho vya aibu, Omer hakujali. Sabini na moja ilileta Fernand akimsengenya padri, Omer hakujali. Lakini kidole cha Laurette kilipogusa sabini na mbili, mumewe aliinuka kochini kwa mgongo uleule uliomshinda kuinua kuni, akaizima mashine kwenye swichi kuu.

"Itaungua," alisema.

"Gilman alisema inafika themanini."

"Gilman anakula donati za watu tu."

Jumapili ya tatu ya Desemba, Omer alibaki ukumbi wa parokia kupanga meza za karamu ya maharage. Laurette alirudishwa na gari la Bernadine. Hakuvua hata kofia. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akapandisha hadi sabini na nne, akaweka njegere juu ya kidhibiti kwa usalama zaidi. Bernadine alivuta kiti.

Mashine ilichukua muda. Ilikuwa ikitoka mbali. Kwanza ilikuja harufu ya kuni za mti wa maple, zile kavu, za daraja la kwanza, ambazo Laurette hakuwahi kuziona zikiingia jikoni kwake. Kisha ikaja fidla.

Ilipigwa vibaya, na mtu mlevi kidogo, wimbo wa kugonga visigino. Lakini uzi wa tatu ulivuma chini kwa chini, kama nyuki ndani ya kopo, na uzi huo Laurette angeutambua hata kaburini. Alitengeneza kasoro ile mwenyewe alipokuwa na miaka kumi na sita, kwa kuiangusha fidla ngazini.

"Piga tena, Fernand," ilisema sauti ya Omer, ya ujana, yenye furaha.

"Hii si ya mkeo?"

"Ni yake. Ila nyumbani kuna baridi sana, ingepasuka. Humu ndimo inapotunzika."

Bernadine aliacha kufuma. Mashine ilipuliza wimbo mpaka mwisho. Laurette alikuwa amesimama palepale na kofia yake ya kanisani, na kilichomuuma si uongo. Alimjua Omer, uongo wake aliuzoea kama maumivu ya goti. Kilichomuuma ni kwamba Omer alijua. Alijua kabisa baridi ile inaweza kupasua kitu kizuri, akakihamisha kile cha mbao tu.

Omer alipoingia alisikia kabla hajafunga mlango. Alisimama kwenye zulia la buti.

"Iko wapi?" Laurette aliuliza.

"Ilizama."

"Na nini?"

"Na kibanda. Aprili ya tisini na nne. Sheria ilisema vibanda vitolewe kabla Machi haijaisha, nikakawia siku mbili. Barafu haina subira." Alivua kofia. "Samaki walikuwa wanakubali ndoano."

"Na paa?"

"Paa nililipata kwa kuuza kuni."

"Kuni zipi?"

"Zetu," Omer alisema, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda hesabu zikae sawa, aliongeza, "zilizobaki kutoka kibandani."

Bernadine alikusanya uzi wake, akasema anaona theluji inaanza, ingawa ilikuwa imeanza Novemba. Mlangoni alimgeukia Omer.

"Omba radhi, mwanaume wewe. Hailipiwi."

"Kwa lipi? Imeshakuwa miaka thelathini."

Hakuomba. Lakini fidla iliendelea kuja kila mashine ilipofika sabini na nne, na habari ilienea. Kila Jumapili baada ya misa wanawake walileta viti na pai za nyama, wakakaa chini ya mashine wakiwasikiliza waume zao wakiwa vijana, wakarimu na wenye joto. Fernand alipoanza kupiga, Laurette alishika mpini wa ufagio begani, vidole vyake vikamfuata, kisha vikampita, kisha vikaanza kumsahihisha. Vilijua. Vilijua kila kitu. Wanawake waligonga visigino kwa ajili ya vidole vile wala hakuna aliyesema kwamba ni ufagio.

Siku ya Mwaka Mpya, ambayo Bondeni ndiyo ya zawadi, Omer alimpa mkewe furushi lenye utepe. Laurette alilifungua polepole. Kwa muda alidhani kuna kitu kigumu katikati, kama mbao, lakini kilikuwa kadibodi ya dukani. Ilikuwa sweta, nene, ya sufu, ya kijani.

"Ya kuvaa humu ndani," Omer alisema kwa fahari. "Tukishusha."

Laurette aliijaribu. Ilimkaa vizuri. Alimbusu mumewe shavuni kama desturi inavyotaka, na juu ya kochi Fernand akaanza wimbo. Omer alijipepea kwa kofia, akafungua kifungo cha shati.

"Fungua mlango, mama," alisema. "Tunaiva humu."

Hakungoja. Alikwenda mwenyewe ukutani, akashusha hadi sitini, na fidla ikakatika katikati ya wimbo. Laurette alichukua ufagio akaumalizia kwa vidole, kimya, hadi uzi wa mwisho. Kisha akavua sweta, akaliendea bomba la jikoni, akailowesha, akaikamua kidogo, akaikunja kwa ukubwa wa kidhibiti. Aliiweka kwenye friza chini ya njegere, ili asubuhi iwe imeganda vizuri.