Kikombe cha Apeduno

Mzee Eriaku aliingia katika duka la dawa la Loise pale Malaba saa nne asubuhi, akaishika kaunta kwa mikono miwili, akaomba kitu cha kuzuia kutapika. Loise, mfamasia, alimjua vizuri. Huu ulikuwa mwaka wa pili mzee akichukua kwake vidonge vya moyo, digoksini. Akamuuliza hali hiyo ilianza lini. Siku tatu, mzee akasema, na macho nayo yanamsumbua: hata ugali anauona wa manjano.

Loise aliacha alichokuwa akifanya. Alimkalisha, akamshika mkono na kuhesabu mapigo huku akitazama saa ya ukutani. Arubaini na mawili kwa dakika. Je, alikuwa ameongeza vidonge? La, ni kimoja tu kila asubuhi. Kuna kingine anachokunywa? Mzee akainamisha kichwa.

"Mwaka jana ulinigombeza juu ya dawa ya kienyeji," akasema. "Ndiyo maana sikutaka kukuambia."

Ni kweli. Loise alikuwa amemfokea mbele ya wateja.

"Leo sigombi, mzee. Niambie tu."

Basi akaeleza. Mkewe, Apeduno, humchemshia majani ya ile miti yenye maua ya manjano iliyozunguka boma lao, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Jirani alisema yanautia moyo nguvu.

Jirani hakudanganya, na hatari ilikuwa hapo hapo. Digoksini hutokana na mmea, na majani yale yana kemikali za ukoo uleule. Zote huziba vipampu vya chumvi katika misuli ya moyo, nao hupiga kwa nguvu zaidi lakini polepole. Kidonge kimepimwa, sufuria haina kipimo. Vikikutana, moyo huweza kusimama.

Loise alifunga duka, akakodi gari, akampeleka hospitalini mwenyewe. Mzee alilazwa siku tano, nyaya zikiwa kifuani, damu ikipimwa asubuhi na jioni, mpaka mapigo yakafika sitini.

Siku ya kumtoa, Apeduno alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, leso kichwani.

"Kwani ni mimi nilikuwa naua mzee wangu?" akauliza.

"Ulikuwa unamtibu, mama. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo."

Apeduno alisogea kidogo kwenye benchi, na Loise akaketi.