Anayeaminiwa na Mgonjwa

Waraka ulifika siku ya Jumanne, mwezi wa tatu mwaka wa 1995, ndani ya bahasha ya kaki iliyolowa mvua upande mmoja. Sista Bochaberi, muuguzi msimamizi wa kituo kidogo cha afya kilicho kilimani, juu ya mji mdogo wa Kedowa, aliusoma akiwa amesimama mlangoni, kisha akaketi akausoma tena.

Ulikuwa na kurasa tatu. Ulisema kwamba kuanzia mwezi wa nne, wagonjwa wa kifua kikuu hawatalazwa tena miezi miwili wakidungwa sindano kila asubuhi, isipokuwa walio hoi. Wangepewa dawa mpya, miezi minane badala ya mwaka mmoja na nusu, na wangemeza wakiwa nyumbani. Lakini katika miezi miwili ya kwanza, kila siku bila kukosa, lazima mtu asimame mbele ya mgonjwa amwone akimeza, kisha atie alama kwenye kadi. Msimamizi wa kila kituo ndiye atakayejibu kama dawa haikumezwa.

Bochaberi alikuwa amefanya kazi hiyo miaka tisa, mbali na kwao Kisii, na nyaraka zilikuwa zimempitia nyingi. Nyingi zilibadilisha fomu tu. Huu ulibadilisha mahali ambapo mtu atalala na nani atamwangalia, na mtu huyo alikuwa upande wa pili wa ukuta, akikohoa.

Aliitwa Cherotich. Alikuwa mjane wa miaka kama sitini, mwembamba, mwenye shamba la mahindi na ng'ombe mmoja karibu na barabara kuu. Mwanawe wa pekee, Kipkurui, alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha chai huko Boito na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Cherotich alikuwa amelazwa siku kumi na moja, na kila siku alimuuliza Bochaberi nani anakamua ng'ombe wake, ingawa alijua ni binti wa dada yake aliyetoka Kipkelion na ambaye shule ilikuwa imempa ruhusa ya siku chache tu.

Bochaberi alipomweleza habari za waraka, Cherotich alifurahi kwanza. Alianza hata kukunja leso yake. Ndipo Bochaberi akamwambia sehemu ya pili. Kutoka kwake hadi kituoni kulikuwa na kilima cha mwendo wa saa mbili, na kwa kifua kile hangeweza kukipanda kila siku. Ilibidi apatikane mtu wa karibu.

"Kogo, nani anakaa karibu na wewe ambaye unamwamini?" Bochaberi aliuliza, akimwita bibi kwa Kipsigis.

Cherotich alimtaja mwanawe, kisha akasema mwenyewe kwamba hawezi. Alimtaja mama mmoja wa kanisani, kisha akakumbuka kwamba amehamia Sotik. Mwishowe aliangalia dirishani.

"Kwa kumwamini, ni Kimotho," alisema. "Lakini huyo hawezi kukubali. Usimuulize."

Bochaberi alimfahamu Kimotho kama walivyomfahamu watu wote wa pale. Alikuwa na duka kando ya barabara, mkabala na lango la Cherotich, kiasi kwamba mmoja akikohoa mwingine husikia. Watu wa Kimotho walitoka Nyeri zamani, na kwa miaka ishirini mkewe, Charity, na Cherotich walikuwa wakipeleka maziwa pamoja kila asubuhi, wakicheka njiani. Kisha yakaja machafuko ya kikabila ya mwaka wa tisini na mbili. Vijana wa kabila la Cherotich walikuja wakachoma nyumba ya Kimotho na duka lake. Yeye na mkewe walikimbilia uwanja wa kanisa moja upande wa Londiani, na huko, katika baridi ya mwezi wa saba, Charity alishikwa na homa ya mapafu akafa. Baada ya mwaka Kimotho alirudi peke yake akajenga upya. Tangu siku hiyo yeye na Cherotich hawakuwa wamesemezana. Hawakugombana. Kila mmoja alipita upande wake wa barabara.

Bochaberi alilala na jambo hilo, na asubuhi akaenda kumuuliza.

Alimkuta Kimotho akipanga sabuni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sweta ya kijivu iliyotiwa viraka viwikoni kwa mkono wa mwanamume. Bochaberi alimweleza yote, hata hatari: kwamba Cherotich angeweza kuambukiza wiki mbili za mwanzo, kwa hivyo wakutane nje, penye upepo. Kimotho aliomba kuuona waraka. Alivaa miwani, akasoma kurasa zote tatu pole pole, kidole kikifuata mistari.

"Hapa inasema mtu anayeaminiwa na mgonjwa," alisema. "Jina langu, ni wewe umelitoa ama ni yeye?"

"Ni yeye. Na akaniambia nisikuulize."

Kimotho alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akauliza dawa zinawekwa wapi ili panya wasizifikie.

Ugumu uliobaki ulitoka wilayani. Mratibu wa kifua kikuu, Weldon, kijana nadhifu aliyekuja kwa pikipiki ya serikali, aliitazama fomu ya Cherotich akatikisa kichwa. Penye uhusiano na mgonjwa palikuwa na nafasi tatu: mhudumu wa afya, mume au mke, ndugu wa damu. Bochaberi alikuwa ameandika pembeni, kwa kalamu, neno jirani. Weldon alisema hilo halimo. Kisha akapunguza sauti, akasema kwamba hata kama lingekuwemo, yeye ni mtu wa hapa na anajua yaliyopita kati ya nyumba zile mbili. Ikitokea mama huyo azidiwe, watu watasema amelishwa nini, na ni nani aliyemlisha?

Bochaberi hakubishana naye kuhusu watu. Alifungua waraka kwenye ibara ya nne akamsomea. Ibara hiyo haikutaja damu. Ilisema mtu mzima anayekaa karibu, anayeaminiwa na mgonjwa na aliyekubali kwa hiari. Fomu, alimwambia, ilichapishwa na mtu ambaye pengine hakuusoma waraka wenyewe, na yeye kama msimamizi ataweka sahihi yake chini ya ibara ya nne. Weldon aliisoma mwenyewe mara mbili. Alikubali mwezi mmoja, akasema atakuja kukagua bila kutoa habari.

Cherotich alirudi nyumbani siku ya Jumatatu. Jumanne, saa moja asubuhi, alivuka barabara akiwa amejifunika shuka, akasimama penye benchi nje ya duka. Kimotho alitoka na mkebe wa dawa, kikombe cha maji, na kikombe cha pili cha uji, kwa sababu Bochaberi alikuwa amemwambia kwamba dawa hizo husumbua tumbo tupu. Aliweka vyote kwenye benchi akarudi nyuma hatua tatu. Cherotich alimeza kidonge kimoja kimoja. Kimotho alitia alama kwenye kadi. Cherotich alikunywa uji, akaacha kikombe, akavuka kurudi kwake. Hakuna aliyesema neno ila salamu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wiki tatu. Bochaberi alipita kila Ijumaa akihesabu vidonge vilivyobaki, na hesabu haikukosea. Aliona mambo madogo. Wiki ya kwanza uji ulikuwa mtupu. Wiki ya pili ulitiwa maziwa. Siku ya mvua benchi lilikuwa limesogezwa chini ya mabati. Na siku moja alikuta kwenye kaunta chupa ya mursik, maziwa ya mgando ya Kipsigis, imezibwa vizuri kwa majani, naye Kimotho akasema tu kwamba ameikuta pale kwenye benchi.

Siku ya ishirini na tatu Cherotich hakuja.

Kimotho alingoja hadi saa mbili. Alisikia ng'ombe akilia upande wa pili, kilio cha ng'ombe ambaye hajakamuliwa. Alifunga duka, akaweka dawa mfukoni, akachukua kikombe cha uji akivuka nacho polepole usimwagike. Penye lango alisimama. Hakuwa amelipita tangu mwaka wa tisini na mbili. Yeye mwenyewe alimwambia Bochaberi baadaye kwamba alisimama pale muda wa kutosha uji kupoa. Kisha ng'ombe alilia tena, akaingia.

Alimkuta Cherotich ameketi kitandani, mlango wazi. Magoti na vifundo vya miguu vilikuwa vimemuuma tangu alfajiri na hakuweza kusimama. Kimotho alimwambia asisumbuke, akatoka nje, akakamua ng'ombe kwenye ndoo, akaupasha uji moto, na ndipo akaketi kwenye kigoda na kutoa dawa.

Cherotich alizitazama mkononi mwake.

"Baba Wambui," alisema, akimwita kwa jina la bintiye kama zamani, "mimi sikuja kumzika Charity."

"Meza kwanza. Halafu useme."

Akameza. Kimotho alitia alama kwenye kadi, kwa sababu ndivyo alivyoahidi. Kisha Cherotich akasema. Alisema kwamba siku ya moto alisimama kwenye lango hili akatazama, na mdomo ukamkataa. Aliwajua vijana wawili kati ya wale kwa majina, aliwabeba mgongoni wakiwa watoto, na hakuwaita. Habari ya kifo ilipomfikia ilikuwa Alhamisi. Alivaa viatu, akafunga kitambaa, akafika barabarani, akarudi. Aliogopa watu wake wangemwona anakwenda. Zaidi aliogopa uso wa Kimotho. Siku zilipita, na kila siku iliyopita ilifanya iliyofuata kuwa ngumu zaidi.

Kimotho aliangalia chini, mikono yake ikiwa bado na harufu ya maziwa.

"Charity alikuuliza," alisema. "Siku mbili kabla hajafa. Hata nguvu ya kuinua kichwa hakuwa nayo, na akaniuliza kama Mama Kipkurui yuko salama, kama hawakumfanyia kitu kwa sababu ya urafiki wenu. Nilimwambia uko salama. Sikuwa najua. Niliporudi nikakuona unapalilia mahindi, nilitaka kukuambia. Sasa miaka imekwisha nikiwa na neno hilo moyoni tu."

Cherotich alilia bila kuficha uso. Kimotho alibaki kwenye kigoda hadi alipomaliza, kisha akamwambia uji unapoa mara ya pili, na yeye hana kuni za kuupasha kila saa.

Mchana huo alimtuma dereva wa lori la maziwa kwa Bochaberi, naye muuguzi akashuka na dawa ya maumivu akiwa na wasiwasi mwingi. Maumivu ya viungo yalikuwa yametajwa katika ukurasa wa tatu; yalikuwa ya dawa, na yangepita. Lakini alipofika aliwakuta wote wawili nje kwenye jua, Cherotich miguu imenyooshwa juu ya gunia, Kimotho akimsimulia kuhusu binti yake Wambui aliyeolewa Nakuru na mjukuu ambaye Cherotich hakuwa na habari zake. Bochaberi alitoa dawa, akakataa chai, akaondoka mapema. Njiani alipanda kilima akiwa anajifuta macho kwa pindo la sweta.

Weldon alikuja siku ya thelathini na moja, saa moja kamili, bila kutoa habari kama alivyosema. Alisimamisha pikipiki mbali kidogo. Alimwona mama akivuka barabara, akitembea vizuri. Aliwaona wakisalimiana kwa mikono, kisha mama akameza na mzee akaandika. Aliikagua kadi. Kwenye siku ya ishirini na tatu palikuwa na alama kama nyingine, na chini yake Kimotho alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: nyumbani kwake. Weldon alimuuliza Cherotich kwa Kipsigis kama anaridhika na mtu anayemwona akimeza. Cherotich alimwangalia kama mtu aliyeulizwa kama anaridhika na mkono wake wa kulia. Weldon alitia sahihi mwezi uliobaki, akasimama kidogo, na Kimotho akamletea uji yeye pia.

Mwezi wa kumi na moja makohozi ya Cherotich yalipimwa kwa mara ya mwisho na hayakuwa na kitu. Alikuwa ameongeza kilo tisa. Bochaberi aliandika kwenye daftari neno amepona, akaukausha wino kwa karatasi. Mwezi huo huo fomu mpya zilifika kutoka wilayani, na penye uhusiano na mgonjwa kulikuwa na mstari wa nne uliosema jirani au rafiki. Hakuna aliyemweleza mstari huo umetoka wapi. Weldon alipoulizwa alisema wenye kuchapisha huwa wanarekebisha mambo, na akawasha pikipiki.

Kabla ya Krismasi, Cherotich na Kimotho walikwenda pamoja Londiani. Kipkurui aliomba ruhusa kiwandani ili awasindikize. Cherotich alibeba jembe dogo, na walipofika hakutaka kusaidiwa. Alipalilia kaburi la Charity kuanzia kichwani hadi miguuni, akiongea naye kwa Kipsigis, lugha ambayo Charity alikuwa ameijua vizuri. Kimotho aliketi kwenye nyasi pamoja na Kipkurui. Ilichukua asubuhi nzima. Jua lilipokuwa juu Cherotich aliita kwamba amemaliza, akaomba maji ya kunawa mikono, na wote watatu wakakaa hapo wakala viazi walivyobeba kutoka nyumbani.