Meza ya Mapatano

Fundi seremala alipiga magoti kwenye chumba cha forodha mpakani, jicho kwenye pima maji. Sakafu ilikuwa imebonyea upande wa majirani tangu enzi na enzi, na alishaonywa kwamba meza ya mazungumzo isiinamie kokote, wageni wa ng'ambo wepesi wa kununa. Basi akapunguza upana wa kidole kimoja kwenye miguu ya upande wetu. Meza ikatulia.

Alikuwa amechoka, lakini kazi hii aliifanya kwa moyo. Wakubwa wakipatana, geti litafunguliwa. Mkewe alikwenda ng'ambo kumzika mama yake, mpaka ukafungwa akiwa huko huko, na sasa mimba ilikuwa mwezi wa mwisho. Mtoto akizaliwa kule, huku ataitwa mgeni. Kupitia dirishani alimwona mkewe nyuma ya waya, amekalia begi lake kama jana.

Afisa usalama aliingia, akapima mguu mmoja mmoja.

"Kwa nini yetu mifupi?"

"Sakafu imebonyea, mkuu. Juu ni sawa, hebu tazama."

"Sijakuuliza juu. Mkeo ni wa wapi?"

Fundi akaonyesha dirishani. "Wa hapo tu."

Afisa alitazama, kisha akamwambia, kwa upole uliotisha kuliko kelele, kwamba taifa hili halikai kwa miguu mifupi. Kata na miguu yao. Fundi alikata, roho ikimuuma, maana msumeno haujui kubishana.

Mazungumzo yalianza vizuri. Kisha waziri wetu, akisisitiza heshima ya taifa, aligonga meza. Jagi likaanguka, na maji yote yakakimbilia kwa wageni. Waziri wao aliinuka suruali imelowa chepechepe, akasema hiyo ni dharau iliyopangwa. Wetu akamjibu kwamba mwenye nia njema haogopi maji. Magari yakaondoka, kila msafara kwao.

Nje, mke alikuwa amesimama, mkono kiunoni, mwingine umeshika waya.

"Baba, wamesemaje?" aliita. "Mwenzio uchungu umeshaanza."

Fundi alipiga hatua kumwendea, lakini askari wawili walimpita wamebeba meza. Amri imetoka, walisema, geti liongezewe kizuizi. Waliiweka katikati ya barabara, kwenye lami tambarare, na hapo meza ikasimama sawasawa, haikutikisika hata kidogo.