Mwanga Usiongoja Wageni

Kikombe cha bati kiliguna gizani, kikanyamaza, kikaguna tena. Ilikuwa simu. Kila jioni, akishazima taa kumlaza mwanawe, mwendesha darubini huiweka ndani ya kikombe hicho ili ikitetemeka bati limgutue. Alisoma ujumbe, moyo ukamruka. Setelaiti ilikuwa imenasa mlipuko wa miale ya gama: nyota kubwa imekufa huko mbali kusikosemeka. Mlipuko wenyewe ulidumu kufumba na kufumbua. Kilichobaki ni mng'ao wake, na huo ndio aliousubiri tangu aanze masomo ya jioni. Alitaka kupima unavyofifia tangu mwanzo, walau mmoja, kwa mkono wake mwenyewe.

Akambeba binti yake, waliyemwita Shangazi kwa ujuaji wake, akavuka ua mbio hadi kwenye kuba la darubini.

Ndani, mkuu wa kituo alikuwa na wafadhili wakipokezana kuchungulia mwezi. Mmoja ameegesha simu kwenye lenzi apige picha.

"Bosi, kuna mlipuko," alinong'ona. "Kanuni uliiweka mwenyewe: taarifa ikiingia, tunaacha kila kitu."

"Mama Shangazi, tuna wageni. Mbingu hazihami."

"Mwezi ndio hauhami, kesho upo. Huu mng'ao, saa moja tangu mlipuko ikiwa mbili, unabaki kama nusu. Mbili zikiwa nne, nusu ya nusu. Baadaye unaporomoka kabisa."

"Nusu si bado ni kitu?" Mkuu aliwageukia wageni. "Huyu akisikia nyota imefariki, anataka kuwahi mazishi."

Wageni wakacheka.

"Hata mazishini watu huwahi, bosi. Wewe umemwacha maiti ndani, unawaonesha watu taa ya mlangoni."

Kicheko kikakatika. Mkuu akamwonesha ngazi kwa kidole, naye akaenda kuketi hapo, mtoto mapajani, damu ikimchemka. Mwanga uliofunga safari kabla hata jua halijawaka, njia nzima hakuna aliyeuzuia, umekuja kuzuiliwa mlangoni na mtu anayetaka picha ya mwezi, picha iliyojaa kwenye kila kalenda ya bure! Na kila waliposema "hebu na mimi tena," alihisi kama mtu anammwagia maji yake ya kunywa huku akimtazama usoni.

Walipotoka hatimaye kwenda kunywa chai, hakuaga mtu. Aligeuza darubini, akapiga picha ya kwanza. Pale ambapo ramani ya nyota haikuwa na kitu, palikuwa na kidoa cheupe, hafifu, lakini kipo. Machozi yakamlenga. Akaanzisha picha ya pili.

Mkuu alirudi na kikombe chake mkononi. "Si hicho hapo? Haraka yote ile ya nini?"

"Umeniachia mkia, bosi. Kichwa mmekila nyinyi. Na kwenye ripoti nitaandika hivyo: mwanzo haukupimwa, darubini ilikuwa ikionesha wageni mwezi."

"Aa, usiende huko. Andika kulikuwa na mawingu. Nani atajua?"

Aligeukia kompyuta. Picha ya pili ilikuwa imefunguka kando ya ile ya kwanza. Shangazi alisogea, akaweka kidole kwenye kioo, akatazama huku, akatazama kule.

"Mama, kimefifia tena."