Gari la Nanyama

Kila asubuhi nililifungulia gari langu lango, likatoka bila mimi. Lilikuwa gari jeupe la umeme, halina mngurumo. Ukiligeuzia mgongo hujui kama limeondoka au lipo. Nilikuwa nimeshaliosha kwa ndoo na kitambaa laini, nimeshachomoa waya uliolilisha usiku kucha kwenye ukuta wa stoo, nimefuta hata nyayo za paka juu ya boneti. Mama Billy alinipungia mkono, akakata kona kuelekea mjini, nami nikarudi ndani kuosha vyombo. Jioni nilitoka Lavington kwa miguu hadi Kawangware, mimi mwenye gari.

Chekeni tu. Hata mimi nilicheka mwanzoni.

Mama Billy ndiye niliyekuwa nikimfanyia kazi ya nyumba. Billy mwenyewe alikuwa mkubwa na yuko chuo, lakini jina lilikuwa limemganda mama yake. Jambo lenyewe lilianzia jikoni, nikiwa nakata majani ya sukuma.

"Nanyama, kitambulisho chako kiko wapi?"

"Kwa mkoba. Kuna nini, Mama Billy?"

"Kuna kitu kidogo. Hebu kaa."

Mama Billy akikwambia ukae, ujue kitu hicho si kidogo. Nilifuta mikono, nikakaa. Akanieleza kwamba kulikuwa na punguzo la kodi kwa anayenunua gari jipya la umeme, punguzo kubwa, la kumfanya mtu mzima aruke. Lakini lilikuwa la yule tu ambaye jina lake halijawahi kuandikishwa gari la aina yoyote. Yeye alikuwa ameshamiliki mawili. Ya mumewe, Baba Billy, yalikuwa hayahesabiki, na hata Billy alikuwa ameshaandikishwa moja.

"Wewe hujawahi kuwa na gari, ama?"

Nilitazama viatu vyangu. "Bado," nikasema, na Mama Billy akacheka mpaka akashika friji asianguke.

Sharti lilikuwa moja: gari lisiuzwe wala kuhamishwa jina kwa miaka miwili. Likihamishwa kabla ya hapo, punguzo lote linarudishwa pamoja na faini. "Ni jina tu, Nanyama. Wewe hupotezi kitu. Miaka miwili ikiisha tunalihamisha, hata hutakumbuka."

Nikampa. Kwetu kitambulisho ni kitu cha kuazimana kama kinu. Changu kilikuwa kimemsajilia ndugu yangu laini ya simu, kikamchukulia jirani mtungi wa gesi. Kilikuwa kimetembea kuliko mwenyewe. Nilisema sawa. Neno hilo nililisema katika nyumba ile mpaka likachakaa.

Siku gari lilipoletwa, kijana wa pale walikolinunua alitaka picha ya mnunuzi akiwa na ufunguo mkononi. Mama Billy alinivua aproni mwenyewe, akanipaka rangi yake ya mdomo, akaniwekea ufunguo kiganjani. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na wa baridi. "Tabasamu, Nanyama!" Nikatabasamu. Picha ilipokwisha kupigwa alinyoosha mkono, nami nikaurudisha ufunguo. Jioni alinifungia nusu ya keki, nikampelekea Whitney.

Whitney ni mwanangu, wa pekee. Baba yake alifariki tukiwa bado tunaishi Kambi Muru kule Kibera, nikahamia Kawangware ili niwe karibu na kazi. Tangu hapo karo yake ililipwa na mfuko wa kanisa letu upande wa Riruta, na sijui mtoto yule angekuwa wapi bila mfuko huo. Mwaka huu aliitwa shule ya bweni ya wasichana, shule nzuri, ambayo hata wenye pesa huililia. Aliposoma jina lake alipiga kelele hadi mwenye ploti tuliyopanga akatoka kuuliza ni nani amekufa. Kilichobaki kilikuwa kamati ya mfuko itie sahihi tu, kama ilivyofanya kila mwaka.

Mwenyekiti wa kamati ni Mwalimu Ephantus, mstaafu, mtu wa haki, na haki yake huchosha kuliko dhuluma ya wengine. Kando yake hukaa katibu, kijana Timothy, na kompyuta yake. Niliingia ukumbini nikiwa nimejipanga kushukuru.

"Mama Whitney, unaishi wapi?"

"Si unajua, Mwalimu? Ulikuja kwangu."

"Unafanya kazi gani?"

"Ya nyumba, Mwalimu."

"Una gari?"

Wanawake waliokuwa benchi la nyuma waliangua kicheko, nami nikacheka nao. Kisha nikaona Mwalimu hacheki. Timothy aligeuza kompyuta nami nikajiona: majina yangu yote matatu, jinsi yalivyo kwenye kitambulisho, na chini yake gari, rangi nyeupe, jipya. Wafadhili wa mfuko walikuwa wameagiza kila mzazi achunguzwe mali yake, na mali yangu ndiyo hiyo.

"Ni la mwajiri wangu," nikasema. "Aliliandikisha kwa jina langu."

"Kwa nini?"

Ujanja ulikuwa wa Mama Billy, lakini aibu ilikuwa imenijaa mimi usoni, mbele ya watu ninaoimba nao kwaya.

Mwalimu Ephantus alivua miwani. "Mimi nakuamini, mama. Lakini hapo nje kuna wazazi ambao hawana hata baiskeli. Nikiulizwa kwa nini nimempa karo mwenye gari jipya, nitasema nini? Mwajiri wako aandike kwamba gari ni lake, au aje aseme mwenyewe. Jumamosi tunafunga orodha."

Nilimweleza Mama Billy kesho yake, aliporudi kutoka kazini. Alikuwa amevua viatu, amejitupa kwenye kochi, miguu imemvimba. Naye alikuwa amechoka, sitamsingizia. Biashara ya mumewe ilikuwa inayumba, gari lenyewe lilikuwa na mkopo, na nyumba nzima ilikuwa ikiongea kwa sauti ya chini siku hizo. Nilisimama na kapu la nguo nikamwambia yote.

"Nikiandika hivyo nimejishtaki, Nanyama," akasema. "Watataka punguzo lao lote. Tutatoa wapi?"

"Na Whitney?"

"Whitney ni kama mtoto wangu, unajua hivyo. Shule haiwezi kungoja kidogo? Mwaka mmoja tu, tukipumua hivi..."

Nilikuwa nimekunja shati la Baba Billy. Nikalikunjua, nikalikunja tena. Ndani yangu lile neno sawa lilikuwa limeshafika kooni, limezoea njia. Sijui lilikwama wapi.

"Shule haingoji, Mama Billy."

Alinitazama kama mtu aliyesikia kabati likiongea. Kisha akashusha pumzi.

"Sawa," akasema, yeye. "Kuandika siandiki. Lakini Jumamosi nitakuja mwenyewe niongee nao. Maneno ya mdomo, yaishe."

Woi, nilivyofurahi! Nilipiga pasi hata soksi.

Nyumbani Whitney alikuwa anapuliza jiko, maharagwe yakitokota. Nilipomwambia kwamba Mama Billy atakuja, hakurukaruka kama nilivyotarajia.

"Mathe, kwani hiyo gari si ni yako? Uza tu hiyo kitu tulipe fees, iishe."

"Nyamaza wewe, usiniletee balaa."

"Lakini si imeandikwa ni yako?"

"Imeandikwa."

"Sasa?"

Tulicheka mpaka maharagwe yakashika chini. Nilimwambia hata baiskeli siwezi, gari nitalipeleka wapi, nitalivuta kwa kamba kama mbuzi? Akacheka tena, kisha akanigeukia, akiwa bado ameshika mwiko.

"Na akikosa kusema?"

"Atasema. Mama Billy ni mtu mzuri."

Na ni mtu mzuri kweli. Ndicho kilichonichosha miaka yote. Angekuwa mbaya ningejua pa kumshika.

Jumamosi niliosha gari kama kawaida, halafu nikafanya nisilowahi kufanya: nikafungua lango, nikaketi kiti cha mbele. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani. Mama Billy aliendesha bila kusema mengi. Tulipoingia Kawangware mambo yalitushinda. Watu wa kwetu huondoka njiani kwa kusikia injini, na gari lile halikuwa na la kusikika. Mwenye mkokoteni alituziba, mama wa mahindi hakugeuka, mbwa akalala mbele yetu kabisa. Mama Billy alipiga honi na kuomba msamaha, akapiga tena na kuomba tena. Murunga, fundi viatu wa kona yetu, ndiye aliyeniona kwanza.

"Mama Whitney! Umeomoka hivyo, ukawa tajiri, na hukusema?"

"Songa, Murunga, tupite!" Nilisema kwa sauti ya mwenye gari, na nikajishangaa. Lazima niseme ukweli: kwa umbali huo mfupi nilijisikia vizuri sana.

Whitney alikuwa anangoja mlangoni pa ukumbi, amevaa sare ya shule mpya. Sikuwa nimemruhusu aivae. Mwalimu Ephantus alitoka nje na kamati yake, akalizunguka gari kwa macho, akamsalimia Mama Billy kwa heshima. Watoto walikuwa wameshatuzingira.

"Asante kwa kuja, mama. Hatutakupotezea muda. Timothy."

Timothy aliinua simu. "Wafadhili wanataka sauti, Mama. Nitarekodi. Useme majina yako yote, namba ya kitambulisho, halafu useme gari ni la nani."

"Unarekodi?" Mama Billy aliuliza. "Sikuambiwa kuna kurekodi."

"Ni sekunde tu."

Aliitazama simu. Akalitazama gari, kisha akanitazama mimi. Alijaribu kutabasamu, na lile tabasamu nililijua, maana ndilo lililokuwa langu siku ya picha. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Gari ni la Nanyama," akasema.

Nadhani macho ya watu yalimtisha, akaongeza maneno. "Amejitahidi sana. Mimi humwendeshea tu."

"Humwendeshea," alisema Mwalimu Ephantus.

"Ndiyo. Kwa vile hajajifunza."

Mwalimu alifumba macho, akayafumbua, akageuka taratibu kurudi ukumbini. Whitney alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia sketi yake mpya, anaunyoosha mkunjo ambao haukuwepo. Hakulia. Afadhali angelia. Alikuwa anaufanyia mkunjo ule vile ninavyofanya mimi nikisimama mbele ya wenye nyumba, na niliumia mahali ambapo hata msiba wa baba yake haukufika.

Hasira ilinijia, lakini si ile ya kupiga kelele. Ilikuwa imetembea na mimi kutoka Lavington jioni nyingi mno, ilifika ikiwa imechoka, ikitaka kukaa tu.

"Timothy," nikasema, "bado unarekodi?"

"Ndiyo, Mama Whitney."

"Usizime. Mwalimu, ngoja kidogo, tafadhali. Usiingie."

Mwalimu Ephantus alisimama mkono ukiwa mlangoni. Nilimsogelea Mama Billy mpaka nikasikia manukato yake, yale ambayo chupa yake huipangusa vumbi mimi. Nikanyoosha mkono.

"Mama Billy, ufunguo."

"Nanyama..."

"Umesema ni langu. Watu wamesikia."

"Tuongee nyumbani," alinong'ona. Midomo ilikuwa imemkauka. "Nakuomba. Twende nyumbani tuongee."

"Kwangu ni hapa."

Watoto walikuwa wameanza kuligusa gari, vidole vyenye vumbi vikichora milango myeupe, na hakuna mkubwa aliyewakemea. Whitney aliinua kichwa. Mama Billy alikuwa ameukumbatia mkoba kifuani kwa mikono miwili, ufunguo ukiwa ndani ya ngumi yake, na mimi nilikuwa bado nimenyoosha mkono, kiganja juu, kinanuka sabuni niliyoliogeshea gari asubuhi. Mkono ulianza kuniuma begani. Sikuurudisha.