Miche Iliyo Hai

Katika ukumbi wa mapokezi wa halmashauri ya jiji kulikuwa na ubao uliofunika ukuta mzima. Aliyekuja kufuatilia leseni au kulalamikia taka aliusoma atake asitake, kwa sababu viti vyote viliuelekea. Ulikuwa na safu tatu: Uchumi, Utamaduni, Mazingira. Chini ya kila safu yalipangwa malengo ya jiji, na mbele ya kila lengo duara la rangi. Kijani, tumefika. Njano, tuko njiani. Nyekundu, tumekwama.

Mama aliyepaka maduara yale kazini walimwita Bi Asilimia. Jina lilianza kama utani, likamganda. Alikuwa wa miaka arobaini na minane, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi, na ukimwambia "watu wengi walikuja" alikuuliza, "Wengi wangapi?" Hakuwa na makuu, ila kwa namba hakuwa na masihara. Kuna mwaka Idara ya Utamaduni ilileta hesabu ya watu elfu tatu waliohudhuria maonyesho ya picha. Akaenda kuuliza, akakuta nusu yao waliingia kujikinga na mvua.

"Lakini picha si waliziona?" mkuu wa idara alilalamika.

"Wengine waliziegemea," alijibu Bi Asilimia, akapaka njano.

Sasa, mkuu wa Idara ya Bustani na Miti alikuwa kaka yake wa kuzaliwa tumbo moja. Huyo naye alikuwa na jina lake, Bwana Miche, na alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu. Mwaka uliopita alisimamia upandaji wa miche elfu kumi na mbili kandokando ya barabara za jiji. Ilikuwa kazi ya kutoa jasho, na duara lake lilikuwa kijani kibichi. Wageni wa halmashauri walipigwa picha mbele yake.

Wala hakuna adui aliyeleta balaa. Aliyelileta ni dada mtu mwenyewe. Katika kikao cha kupanga vipimo vya mwaka mpya aliinua mkono akauliza, "Tunahesabu miti tuliyopanda. Mbona hatuhesabu iliyo hai?" Nani angepinga swali kama hilo? Wote waliitikia kwa vichwa, mkurugenzi akasema ni wazo zuri, ikaandikwa: lengo ni asilimia themanini hai. Bwana Miche alikaa kwenye kona ya meza akikuna kidevu. Hakusema neno.

Bi Asilimia alichukua orodha ya mitaa, akachagua sehemu hamsini bila kuangalia ni zipi, miche kumi na miwili kila sehemu, akavaa viatu vya kutembelea. Siku ya kwanza alianza na furaha. Kufikia saa sita furaha ilikuwa imekauka kama miche yenyewe.

Mbele ya duka la fundi baiskeli alikuta vijiti vinne vimesimama, kimoja kikiwa kimefungwa kamba ya kuanikia nguo.

"Huu ni mche wa jiji," alimwambia fundi.

"Ulikuwa, mama," fundi alijibu bila kuinua macho kwenye mnyororo. "Ulikufa siku nyingi. Sisi tumeuonea huruma tukaupa kazi."

Mtaa wa pili, mashimo matupu. Mtaa wa tatu, mwanamke mwenye kibanda cha kushona nguo alimwonyesha mti mmoja uliofika mabegani, majani yanang'aa. "Huu naunywesha maji ninayosuuzia vitambaa," alisema kwa majivuno. "Hiyo mingine haina mwenyewe." Siku tisa Bi Asilimia alizunguka na karatasi zake. Kati ya miche mia sita aliyoikagua, iliyo hai ilikuwa mia moja sabini na mmoja. Asilimia ishirini na nane na nusu.

Aliirudia hesabu mara tatu. Kisha, kwa kuwa anayehusika ni ndugu yake, alimwomba karani mwenzake azunguke sehemu nyingine hamsini, bila kumwambia yeye amepata nini. Mwenzake alirudi na ishirini na tisa.

Aliona si uungwana kaka yake asomee habari ubaoni kama mpita njia. Jumapili alikwenda kwake. Wifi yake alimpokea kwa shangwe, akamwekea chai, akamlaumu kwa kupotea. Bwana Miche alikuwa barazani anarekebisha mguu wa kiti.

"Kaka, nimemaliza kuhesabu miti."

"Mm."

"Haikufika hata theluthi."

Nyundo ilisimama. "Umehesabu wewe?"

"Mimi, halafu mwingine."

"Wewe na mwingine." Aliweka nyundo chini taratibu. "Nilikubeba kwenye baiskeli miaka saba, kwenda shule na kurudi, mvua jua. Nilipoambiwa mmoja wetu aache masomo, niliacha mimi. Leo shukrani yako ni rangi nyekundu?"

"Kaka, si mimi niliyeiua."

"Na mimi ndiye niliyeiua?" Sauti ilipanda mpaka wifi akachungulia mlangoni. "Nimebakiza wiki sita! Wameshachapa cheti changu. Hukuweza kusubiri wiki sita?"

Wifi mtu alijaribu kutuliza mambo, "Jamani, chai inapoa," lakini chai ilikuwa imeshapoa. Bi Asilimia alichukua mkoba wake akaondoka, na njia nzima maneno aliyopaswa kujibu yalimjia moja moja, kama yanavyokuja siku zote, yakiwa yamechelewa.

Kesho yake mkurugenzi alimwita. Alikuwa mama mwerevu, mwenye sauti ya kubembeleza. "Nimesikia matokeo ya miti," alisema. "Nakuomba jambo dogo. Mwaka huu tuandike iliyopandwa, kama zamani. Kipimo kipya kianze mwakani. Kaka yako ataondoka kwa heshima, na wewe utalala usingizi. Si uongo huo. Miche elfu kumi na mbili ilipandwa kweli."

Na kweli haukuwa uongo. Hapo ndipo palipomkera. Alirudi mezani kwake, akaandika "asilimia mia moja", akaiangalia. Akaifuta. Akaiandika tena. Aliwaza sherehe ya kumuaga kaka yake, wifi yake amevaa vizuri mstari wa mbele, na yeye amekaa wapi? Damu ni damu. Kazi unaweza kubadilisha, kaka humpati mwingine.

Lakini palikuwa na swali lililokuwa likimtekenya tangu siku ya fundi baiskeli. Kaka yake alimjua. Mtu yule akipanda mchicha nyuma ya nyumba huuamkia kabla hajamsalimu mkewe. Iweje aache miche elfu nane na zaidi ife?

Alishuka mpaka karakana ya halmashauri kumtafuta dereva wa lori la maji, jibaba lenye tumbo na kicheko cha karibu. Alimkuta anafuta kioo.

"Shikamoo, mzee. Miti ya barabarani huwa unainywesha lini?"

Dereva alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Marahaba. Mama, mimi na ile miche tuliachana mwezi wa pili. Bila talaka."

"Nani aliwaachanisha?"

"Barabara mpya ya viwandani. Walihitaji maji ya kushindilia udongo na kutuliza vumbi, na lori ni hili moja. Nikaambiwa barabara kwanza." Alitoa kitabu cha safari chini ya kiti. "Soma mwenyewe, kila kitu nimeandika."

Bi Asilimia alivaa miwani akasoma akiwa amesimama. Tangu mwezi wa pili lori lilikuwa limetoka safari mia moja arobaini na tatu. Safari tisa tu zilikwenda kwenye miti.

Ile barabara aliijua. Yeye mwenyewe aliipaka kijani kwenye safu ya Uchumi, imekamilika kabla ya muda, na mhandisi wake alipigiwa makofi. Jiji lilikuwa limetoa maji safu moja likayamwaga safu nyingine, na yeye akapaka rangi bila kujua.

"Kaka yangu alijua?"

"Ajue mara ngapi? Alikuja hapa kila wiki. Aliandika na barua." Dereva alishusha sauti. "Sidhani kama kuna aliyemjibu. Mwisho akaacha kuja. Mama, usiseme nimekwambia, lakini nenda barabara ya nyuma ya hospitali asubuhi na mapema."

Alikwenda kesho yake, jua likichomoza. Alimwona kwa mbali kabla hajaamini anachokiona: Bwana Miche, mkuu wa idara, suruali imekunjwa mpaka magotini, anasukuma baiskeli yenye madumu mawili ya maji. Alikuwa akisimama kwenye kila mche, anamimina kidogo, anaubonyeza udongo kwa kiatu, anasogea. Miche ya mtaa ule ilikuwa hai yote. Bi Asilimia alikumbuka kwamba bahati haikuuangukia mtaa ule katika sehemu zake hamsini.

"Utaumwa mgongo," alisema.

Bwana Miche aligeuka. Hakuonyesha kushangaa. Alionekana mchovu tu, mchovu wa miezi mingi.

"Ushauma," alijibu.

"Tangu lini unafanya hivi?"

"Tangu walipochukua lori." Aliegemeza baiskeli kwenye ukuta. "Nilidhani nitaiokoa japo mtaa mmoja mmoja. Madumu mawili, miche elfu kumi na mbili. Wewe ni mtu wa hesabu, nipigie hiyo."

"Mbona hukusema, kaka? Kwenye kikao ulikaa kimya."

"Niseme nini? Kwamba niliandika barua nne na hakuna aliyenijibu? Mkuu wa idara mzima, nanyimwa maji kama mtoto?" Alifuta jasho kwa kiganja. "Niliona nikinyamaza, nitastaafu kabla hamjajua. Wazee walisema mficha uchi hazai. Niliwasikia, nikajifanya sikuwasikia."

Walikaa kwenye ukingo wa mtaro, bega kwa bega. Wauguzi wa zamu ya asubuhi waliwapita wakawasalimu.

"Nilikusema vibaya Jumapili," alisema Bwana Miche. "Baiskeli sikukubebea deni. Nilikubeba kwa sababu ulikuwa unatembea polepole."

Bi Asilimia alicheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. "Mkurugenzi amenipa njia," alisema. "Niandike iliyopandwa. Ukitaka, nitaandika."

Kaka mtu aliubonyeza udongo wa mche uliokuwa mbele yao. "Ukiandika hivyo," alisema, "mwakani atakuja mwingine kwenye kiti changu, atapanda elfu kumi na mbili nyingine, nazo zitakufa. Weka nyekundu. Ila barua zangu ziambatishe. Nakala ninazo."

Mkutano wa madiwani ulifanyika wiki iliyofuata. Bi Asilimia alisoma taarifa yake kwa sauti ileile aliyosomea mengine yote. Alipofika kwenye miti aliitaja asilimia, akaitaja safari tisa, akasoma tarehe za zile barua nne. Mhandisi wa barabara alijitetea kwamba aliambiwa barabara kwanza, na hapo mtu wa haki angemwonea huruma naye, maana kweli aliambiwa.

"Ngoja nielewe," alisema diwani mmoja mama, muuza mbao, mtu wa maneno ya wazi. "Kumbe lori ni moja, na tumelihesabu mara mbili?"

"Ndiyo, mheshimiwa," alijibu Bi Asilimia. "Huku limetupa kijani, huku limetupa nyekundu."

Bwana Miche alisimama bila kuitwa. Alisema kosa la kunyamaza ni lake na hamtupii mtu mwingine. Akakaa. Yalikuwa maneno mafupi, lakini dada yake aliijua bei yake.

Ukitegemea kwamba siku ile ilikwisha kwa vigelegele, umekosea. Gazeti liliandika kwa herufi kubwa kwamba miti ya jiji imekufa, na picha ya kile kijiti chenye kamba ya nguo ikawekwa ukurasa wa kwanza. Cheti kilichochapwa hakikutolewa. Mkurugenzi hakumfukuza Bi Asilimia, ila kwa miezi kadhaa salamu zake zilikuwa za baridi. Bwana Miche aliagwa karakanani badala ya ukumbini, kwa soda na biskuti, na waliosimama kusema ni vibarua wake na dereva wa lori. Wifi mtu alivaa vizuri vilevile.

Lakini azimio lilipita, nalo liliandikwa: Jumanne na Ijumaa lori ni la miti, na anayetaka kulichukua siku hizo atie sahihi jina lake kamili. Hakuna aliyewahi kutia. Mvua zilipokuja walipanda miche elfu tatu tu, na kila mmoja ulikabidhiwa duka au nyumba iliyo mbele yake. Mama wa kibanda cha kushona alidai apewe mitatu, akapewa.

Mwaka uliofuata Bi Asilimia hakwenda kuhesabu. Alimwachia karani mwenzake, akasubiri kama wengine. Majibu yalikuja alasiri moja: asilimia sitini na moja. Alipaka njano, akanawa mikono, akampigia simu kaka yake.

"Sitini na moja?" Bwana Miche alifoka. "Huyo aliyehesabu alivaa miwani? Mimi napita huko kila siku, haipungui sabini!"

"Kaka, ni sitini na moja."

Mara akasikia kicheko chake, kile kizito cha zamani, ambacho hakukisikia muda mrefu.

"Basi njoo Jumapili," alisema. "Wifi yako anasema umepotea tena."